Gari Lililokaa Eda

Jana alasiri mwanangu Juma alikuja na waya zake, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, zile za kuchukulia moto kwenye gari jingine. Pikapu ya marehemu baba yake imesimama hapa uani kwangu Ukunda tangu tulipomzika, imefunikwa turubai, na betri yake imekufa fofofo. "Mama," akaniambia, "gari likikaa hivi linaoza. Niruhusu niliwashe, nilizungushe mpaka Diani, nilirudishe." Nikamwambia aache. Akauliza kwa nini. Nikamwambia aache kwanza, mtoto mzuri huambiwa mara moja. Ana mvi kidevuni, lakini mbele yangu ni mtoto tu. Akazikunja waya zake, akaketi mlangoni pa chumba changu, akaanza kunihurumia kwa macho, jambo nisilolipenda hata kidogo. Mimi ni mjane niliye edani, si mgonjwa. Nakaa ndani na nguo zangu za eda, bila wanja wala marashi, nakula, nasali, nagomba na wajukuu kupitia dirishani. Juma alidhani nalionea uchungu gari. Kumbe nilikuwa nasikiliza.

Ili mtu ajue mjane mzee anasikiliza nini kwenye gari lisilo na moto, lazima nirudi Msambweni, mwaka ule bendera ilipobadilishwa. Wazungu wa Diani walioogopa uhuru walikuwa wakiuza vitu vyao kama watu waliounguliwa na nyumba: vitanda, mapazia, hata mbwa. Bwana Salimu, mume wa shangazi yangu Mejumaa, alikuwa amempikia mmoja wao miaka mingi, na mkono wake wa kwaheri ukawa gari dogo la rangi ya maziwa, kuukuu, lenye milango inayofungwa kwa kubamizwa. Alilipenda gari lile mpaka likawa kichekesho cha mtaa. Aliliosha kabla ya kuoga mwenyewe. Jua likiwa kali alilifunika shuka la kitandani. Wanawake wakamwambia shangazi, "Mejumaa, umeletewa mke mwenzio," na shangazi, ambaye Mungu hakumjaalia mtoto lakini alimjaalia maneno, akawajibu, "Heri huyu, hali wali wangu." Tangu siku hiyo gari likaitwa Bi Mdogo, na Bwana Salimu mwenyewe akaliita hivyo.

Kazi yake ikawa kubeba watu na mizigo kati ya Msambweni na Ukunda, na kila alasiri alipofika langoni alipiga honi: fupi, fupi, ndefu. Hiyo ilikuwa amri ya chai. Shangazi akiisikia huteleka birika, na mpaka Bwana Salimu amalize kulipangusa gari vumbi, chai imekwisha kuchemka na tangawizi yake. Alasiri moja honi ikalia fupi, fupi, halafu ile ndefu haikukatika. Shangazi akapuliza moto, akasema kwa sauti, "Nimesikia, bwana! Leo una nini?" Honi ikaendelea. Alipotoka kwenda kumkaripia alimkuta ameuegemea usukani kwa kifua, macho wazi, anatazama lango kama mtu anayengoja kufunguliwa. Wanaume walipomwinua ndipo honi iliponyamaza. Sikuwapo. Niliyasikia haya jikoni, kwa Bi Zuhura, jirani na somo wa shangazi, yaani mwanamke aliyemfunda alipoolewa na sasa ndiye aliyemwosha na kumwingiza edani. Aliyasimulia huku anachagua mchele, na kila alipofika penye honi alipunguza sauti.

Mimi nililetwa kutoka Samburu, ile ya barabara ya Nairobi, nikae na shangazi mpaka eda iishe, kwa sababu mjane haachwi peke yake na mimi nilikuwa mwari mzima asiye na mume wala kisingizio. Huko Samburu nilikuwa nikiuza chai kwa madereva wa malori, kwa hiyo nilifika pwani nikijiona najua dunia. Nyumba ya shangazi ilikuwa ya udongo na makuti, yenye ukumbi mrefu wenye kiza kizuri, na ua uliozungushiwa makuti. Pembeni mwa ua huo ndipo lilipokuwa banda la gari. Mdomo wake ulitazama magharibi, na mlango mdogo wa nyuma ulifungukia uani, hatua chache kutoka chumba cha shangazi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, amekonda, mikono yake mitupu bila bangili. "Shikamoo, shangazi. Makiwa." "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Alikuwa akiuliza watu kama wamekula, na yeye hali. Hilo nililiona siku ileile ya kwanza.

Tulikuwa tumezunguka sinia ya mbaazi na mahamri, wanawake wanne watano, maneno yamekolea, mara honi ikalia. Ilikuwa karibu sana. Mimi nikainuka na hamri mkononi. "Shangazi, kuna mgeni langoni." Mikono yote ilikuwa imesimama juu ya sinia. Bi Zuhura akanishika pindo la leso akanivuta chini. "Kaa, Mwanamisi. Hakuna mgeni." Ililia kwa kudonoadonoa, ikakatika, ikaja ndefu, ikakatika. Nilitazama kwenye upenyo wa mlango wa banda nikaona shuka jeupe lililofunika kitu, limetulia, halitikisiki hata kidogo. Nilipogeuka, shangazi alikuwa ameshasimama na birika mkononi. Akachochea kuni, akateleka chai. Akasimama juu yake mpaka ikachemka. Alimimina vikombe viwili, chake na kingine, na kile kingine akakiweka kizingitini pa banda. Wanawake waliaga mmoja mmoja wakisema wamekumbuka nguo zao kambani. Siku ile hata nguo zenyewe hazikuwa zimefuliwa.

Jioni Bi Zuhura alinieleza. Siku ya kuingia edani, shangazi alikuwa amekataa kuingia peke yake. "Mwenzangu naye amefiwa," alisema. "Hatoki, hapambwi, haonwi na mwanamume mpaka tutoke pamoja." Walicheka, wakidhani ni uchungu unasema. Lakini alikuwa amekwisha kulisukuma gari bandani kwa msaada wao, amelifunika shuka, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la leso yake. Ndugu wa marehemu, Bwana Athumani, alipokuja kulichukua gari lifanye kazi, alijibiwa kutoka nyuma ya pazia kwamba Bi Mdogo yumo edani. Athumani alikuwa mtu wa msikitini, akafoka: "Eda ya gari? Imeandikwa wapi hiyo?" Shangazi akasema, "Nimeiandika mimi." Akaondoka akisema huyu mwanamke amepagawa. Wapo waliosema kufa kufaana, kwamba Athumani ana haraka. Nami nilisikia wanaume wakizungumza barazani, wakidhani tumelala mchana, kwamba eda ikiisha Athumani amrithi mjane pamoja na gari, mambo yaishe kimoja. Shangazi alikuwa amelala kando yangu, macho wazi, anasikia kila neno.

Sasa niseme wazi: niliogopa. Mimi si mwoga wa mizimu, nimelala kwenye vibanda vya barabarani ambako fisi hupita mlangoni. Lakini lile gari lilinitia ubaridi. Asubuhi nilipoingia kufagia banda nilifunua shuka upande wa mbele, nikakuta kioo kina mvuke kwa ndani, upande wa dereva peke yake, kama mtu ametoka kuhema pale. Upande wa abiria kikavu. Nikajisemea ni unyevu wa pwani, maana huku hata chumvi hulia machozi kwenye kibakuli. Kesho yake nikakuta vilevile, upande uleule. Ndani mlinuka tumbaku na udi. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea, na ule ubonyevu haukujaa hata baada ya majuma. Nilikuwa nafagia haraka haraka huku naimba kwa nguvu, mpaka Bi Zuhura akanipigia kelele kutoka nje, "Wewe mwari, hii ni nyumba ya matanga, unaimba nini?"

Kila siku yenye jua honi ililia alasiri. Siku ya mawingu haikulia, na siku hizo shangazi hakuwa na raha, alitembea kutoka chumbani mpaka mlango wa banda na kurudi, akiuliza, "Mbona hajafika?" Nami kwa ukaidi wangu nikataka kujua. Nikamvizia Athumani siku alipoleta samaki, nikamweleza kupitia makuti ya ua. Akasema kwa sauti ya mtu anayejilazimisha, "Tazama usukani. Salimu alikuwa mzito, na aliuangukia kwa kifua." Nikaenda kutazama. Ni kweli, ule mviringo wa honi ulikuwa umepinda, umebaki unywele tu ugusane na chuma cha chini. Jua la alasiri liliingia kwa mdomo wa banda likaupiga usukani ule kupitia shuka. Chuma kikipata moto hutanuka, na kikitanuka kinagusa. Basi! Nilimkimbilia shangazi na habari yangu kama mtu aliyeokota dhahabu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanamisi, mimi nimekuuliza linalia kwa nini? Mimi nataka kujua mbona analia kwa sauti ndogo."

Hapo nikagundua jambo ambalo yeye alikuwa amelisikia kabla yangu. Sauti ilikuwa inapungua. Nilipofika ilikuwa honi ya kushtua kuku. Sasa ilikuwa kama mtu anayeita kutoka chumba cha tatu. Betri ilikuwa inakufa, na nani asiyejua kwamba betri hufa, ikiwa kila siku inatumiwa na haipewi chochote? Lakini shangazi alikuwa amemzika mumewe ghafla, bila ugonjwa, bila kumwuguza, na sasa alikuwa anamsikia akizidiwa alasiri baada ya alasiri. Naye akawa anapungua pamoja naye. Kwanza aliacha wali. Kisha akaacha uji. Nilimpikia mhogo wa nazi, nikamkaangia samaki aina anayoipenda, nikamsihi, nikamlilia. Alikuwa anatia kidole, analamba, ananisukumia sinia. Siku moja nilimpandishia sauti: "Shangazi, unataka kufa?" Akanijibu kwa upole kabisa, bila hata kunikemea kwa utovu wa adabu. "Siku atakayonyamaza, nami nitanyamaza. Usihangaike, mwanangu." Nilitoka nje nikakaa nyuma ya jiko, nikalia mpaka leso ikalowa. Nilikuwa nampenda. Watu wenye maneno makali hupendana kwa namna yao.

Kosa lililofuata mwanzo wake ni mdomo wangu. Nilikuwa namsimulia habari za Samburu ili nimpotezee mawazo, nikasema madereva wa malori hukinga maji ya mvua, kwa kuwa betri hunywa maji, na ikinyimwa hukauka na kufa. Shangazi akainua kichwa. "Betri inakunywa?" "Inakunywa." Sikulitia maanani. Siku chache baadaye Bi Zuhura, alipoona jinsi alivyodhoofika, alimwendea mwalimu wa chuo cha Kurani amwandikie kombe. Mwalimu akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, wino ukaoshwa kwa marashi na maji, nikabebeshwa bakuli lile la maji ya manjano nimpelekee mgonjwa anywe. Shangazi alilipokea kwa mikono miwili, akapiga bismillahi, akatia ulimi. Kisha akasimama kwa nguvu zilizonishangaza, akaelekea bandani. Mpaka tunamfikia, alikuwa amefunua boneti, amefungua vifuniko vya betri vyote, na kombe lile analimimina kwa uangalifu, tundu hili kidogo, tundu lile kidogo, kama mama anayegawia watoto dawa.

"Astaghfirullahi, Mejumaa!" Bi Zuhura alijishika kichwa. "Maneno ya Mungu kwenye mashine?"

"Si mashine. Ni mgonjwa."

"La kuvunda halina ubani, mwanangu. Muache aende."

"Mgonjwa anayekunywa ana matumaini," shangazi akasema, akafunga vifuniko, akafuta zafarani iliyomwagika kwa kiganja, na kile kiganja akajipaka usoni. Bi Zuhura aliliokota bakuli likiwa tupu.

Alasiri ile honi ililia kwa nguvu kama siku ya kwanza. Mimi nina maelezo: alipokuwa anahangaika kule ndani alikwangua ule unga mweupe uliokuwa umeota penye waya, na moto kidogo uliobaki ukapata njia. Maelezo yangu sikumpa mtu. Shangazi aliteleka chai akiwa anatabasamu, akanywa kikombe kizima, akala na hamri nusu. Nikasema Alhamdulillahi, hata kama ni zafarani, tumepona. Kesho yake ikawa mkoromo. Siku ya pili yake sauti ikawa kama ya mtu anayesafisha koo. Baada ya hapo ilikuwa ni mguso tu, tik, tik, chuma kinagusa chuma, na shangazi akaingia kitandani akageukia ukutani.

Hapo nilisema basi. Nilimwendea Athumani mimi mwenyewe, nikamsimamia nje ya msikiti alfajiri wakati watu wanatoka, mwari mzima na buibui langu, nikamwambia mbele za watu, "Ami, shangazi anakufa. Betri ipelekwe Mombasa ikachajiwe, leo." Sikutaka ichajiwe kwa ajili ya honi. Mimi honi ile niliichukia. Lakini ikiwa kusikia kwake ndiko kutakakompa uji, basi ilie mpaka kiama. Athumani akasema yuko tayari, ila aruhusiwe kuingia. Nikamwuliza shangazi. Alizungumza akiwa ametazama ukuta: "Bi Mdogo haonwi na mwanamume." Nikasema, "Nikiitoa mimi?" "Wewe ni mwanamke," akasema. "Mtoe. Lakini umfunike."

Basi niliitoa mimi. Athumani alisimama nje ya ua na kanzu yake, uso ameugeuzia njiani kwa heshima, akanirushia spana juu ya makuti, akawa ananielekeza kwa sauti. "Anza na waya mweusi. Usiuguse mwekundu kwanza. Umelegea?" "Haujalegea!" "Zungusha kushoto!" "Ami, kushoto kwangu au kwako?" Nilijitupia leso ya shangazi begani ili isichafuke nguo yangu, na ile leso ikaishia na matundu, kwa kuwa tindikali ya betri haijui leso ya nani. Mkono wangu huu wa kulia bado una alama, ukubwa wa punje ya mbaazi. Betri ilikuwa nzito kama mtoto wa miaka mitatu na ilinukia marashi. Nilipoinyanyua, waya zikabaki zinaning'inia, nilihisi kabisa kwamba kuna mtu kwenye kiti cha dereva ananitazama kazi yangu. Sikuinua macho. Niliibeba mpaka mlango wa ua, nikaiweka chini, nikaifunika kwa ile leso, nikarudi mbio, Athumani akaja akaichukua.

Mchana ule nyumba ilikuwa na kimya kibaya. Bi Zuhura alikuja na uji wa mchele, tukakaa naye ukumbini, tukizungumza kwa kunong'ona kama tayari kuna maiti ndani. Hatukuwa tumemwambia shangazi kwamba kuchaji ni kazi ya siku, kwamba leo hakutakuwa na chochote. Lakini alijua. Adhana ya alasiri ilipomalizika alijigeuza kitandani akakaa, akajifunga leso vizuri, akatazama mlango. Jua lilikuwa limeingia bandani, tuliliona linavyong'aa kwenye upenyo. Nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi na wa baridi, na mimi nikawa nahesabu pumzi zake kimoyomoyo.

Honi ikalia. Fupi. Fupi. Halafu ndefu, ndefu ya afya, ya mtu aliyerudi na furaha zake, ikakatika mahali pake palepale ilipokuwa ikikatika zamani.

Bi Zuhura aliangusha bakuli la uji. Nilikuwa nimeitoa betri kwa mikono hii, waya nilikuwa nimeziacha zinaning'inia. Basi la Mombasa lilikuwa limeondoka asubuhi na betri ndani yake. Nilijikokota mpaka mlango wa banda nikachungulia. Shuka limetulia. Boneti nilivyoiacha, wazi, na kule ndani shimo tupu la mstatili penye zafarani kavu. Njiani nje hapakuwa na gari, na miaka ile gari likipita Msambweni hata viziwi walijua. Niligeuka kumtazama shangazi. Nilikuwa nategemea kumkuta ameanguka.

Alikuwa ameketi, na uso wake umefunguka. "Kumbe haikuwa betri," alisema.

"Shangazi..."

"Kumbe haikuwa betri, Mwanamisi! Na mimi nilikaa hapa nikimhesabia pumzi, nikidhani zimo mle ndani, zitakwisha." Akaanza kucheka, kicheko chake cha zamani cha kooni, huku machozi yanamwagika. "Salimu wee! Umenitia njaa bure." Akamgeukia Bi Zuhura, ambaye alikuwa anasoma Ayatul Kursiyu kwa kasi. "Somo, uji umeumwaga wote? Nina njaa." Akala wali wa mchana uliobaki, baridi, na ukoko wake, akateleka chai mwenyewe. Alimimina kikombe kimoja tu.

Honi ile haikulia tena. Athumani alirudi na betri ileile, fundi wa Mombasa alikuwa ameikataa. Alimwuliza, "Mzee, hii mmeipikia pilau?" Ilikuwa imekufa kabisa, haishiki moto. Tulipomweleza yaliyotokea hakubisha, alikaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. Siku ya kutoka edani shangazi alioshwa alfajiri, akavishwa leso mpya, akatiwa wanja. Alipomaliza kufukizwa udi alibeba ndoo ya maji mpaka bandani, akalivua gari shuka lake, akaliosha tangu paa mpaka magurudumu. "Toka, mwenzangu," alisema. "Tumemaliza." Wazee walikuwa wamejaa barazani wakingoja kulizungumza lile jambo lao la kurithi, na Athumani katikati yao, ameinamisha kichwa kwa haya. Shangazi alitokea mlangoni, mara ya kwanza kuonwa na watu tangu mazishi, akafungua pindo la leso, akamwekea Athumani ufunguo kiganjani. "Shemeji, mwenzangu bado kijana, haifai akae bila mume. Muoe Bi Mdogo. Mimi niacheni." Baraza zima liliangua kicheko, hata wazee, na jambo lililochekewa na watu wote halizungumzwi tena. Alikaa peke yake, anapika maandazi ya kuuza, mpaka Mungu alipomchukua akiwa mzee mwenye mashavu.

Mimi niliolewa na Bakari mwaka uliofuata. Alipopata pikapu yake ya kwanza, kabla hajaileta nyumbani, nilimwekea sharti moja. Nilimwambia apige honi popote duniani, lakini langoni kwangu asipige kamwe. Hakuniuliza sababu mpaka nilipomweleza mwenyewe. Miaka yote ya ndoa yetu alizima gari njiani, akakohoa, na mimi nikateleka chai kwa kikohozi. Watu wakamwita Bwana Kikohozi na hakujali.

Sasa kila alasiri naketi dirishani nasikiliza. Wajane wengine wana bahati, wanaweza kusema amenyamaza kwa kuwa betri imekufa. Mimi siwezi. Mimi nimesikia kwa masikio yangu kwamba haihitaji betri, na ndiyo maana kimya hiki kinaniuma mpaka kwenye mifupa. Jana, Juma alipokuwa ameketi pale na waya zake, ndipo nilipokumbuka: marehemu nilimkataza honi mimi mwenyewe. Na Bakari hakuwahi kunivunjia neno.

Leo nimemwita Juma, nikamwambia afungue boneti aing'oe betri, aipeleke kwake. "Mama, si imeshakufa? Ya nini kuing'oa?" Nikamwambia aing'oe, nataka nisiwe na shaka. Ameing'oa huku anatikisa kichwa, ameondoka nayo. Adhana ya alasiri imekwisha. Nimesogea dirishani, nimesema kwa sauti ya kawaida, kama tunavyozungumza siku zote: "Baba Juma, lile sharti nimeliondoa. Piga."

Chai nimeshaiteleka.